Nani Aliwapikia Makapteni

Shule imeniomba niandike maisha ya mke wangu. Ukurasa mmoja, wa kubandika ukutani kwenye chumba cha chakula, chini ya picha yake. Imezidi ukurasa mmoja. Watakata wenyewe.

Jina lake Leotha. Alizaliwa juu huko uwandani, nyumbani kwa mama yake, mwaka wa theluji nyingi. Alipika chakula cha watoto wa shule miaka thelathini na mmoja. Alifariki Julai tarehe kumi na mbili, asubuhi, jikoni kwetu. Birika lilikuwa linachemka. Nilizima jiko kwanza, ndipo nikapiga magoti. Sijui kwa nini nilianza na jiko.

Hayo ndiyo maisha yake kwa ufupi. Lakini watu hawamkumbuki kwa hayo. Wanamkumbuka kwa shimo.

Shimo lilianza hivi. Mwaka wake wa kwanza kazini, mwezi wa Septemba, paa la darasa moja lilivuja, basi watoto wa darasa la sita wakaletwa kusomea kwenye meza za chakula. Leotha alikuwa nyuma ya dirisha la kupakulia, anamenya viazi. Mwalimu alikuwa anasoma kitabu cha historia. Habari za wale makapteni wawili waliotumwa na serikali ya Marekani kutafuta njia ya kufika bahari ya magharibi, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Walivyoshuka milimani kwetu na watu wao, njaa imewakausha, wameshakula farasi wachanga na mishumaa. Kitabu kikasema: "Wenyeji wakawapa mizizi na samaki wakavu, na wageni wakaugua."

Mtoto mmoja, wa kwetu sisi wenyeji, akapaza sauti, "Tuliwawekea sumu!"

Wakacheka. Mwalimu naye akacheka kidogo, akafunua ukurasa wa pili.

Leotha akatoka na upawa mkononi.

"Samahani, Mwalimu. Rudi nyuma hapo. Nani alipika?"

"Alipika nini?"

"Hiyo mizizi. Nani aliipika?"

Mwalimu akatazama kitabu. "Hakijasema."

"Basi hakijui kitu. Chakula hakijipiki. Watu thelathini na njaa yao wanakuingilia bila hodi. Kuna mtu alichimba. Kuna mtu alimenya. Kuna mtu alikaa na moto siku mbili. Na mtu huyo aliwaambia, kuleni kidogo kidogo. Hawakusikia."

"Umejuaje kwamba aliwaambia?"

"Kila mpishi husema hivyo."

Juma lililofuata akachimba shimo nyuma ya nyumba yetu. Nyumba yetu na shule ni barabara tu katikati. Tangu hapo, kila Septemba, darasa la sita walivuka barabara na kitabu chao, wakapika kemesi, halafu wakafungua ukurasa ule ule wakausoma tena, kemesi zikiwa mbele yao.

Kemesi ni kitunguu cha mwituni, ndiyo ile mizizi ya kitabuni. Ua lake la buluu. Ana nduguye mwenye ua jeupe, huyo anaua, ndiyo maana Leotha alichimba mwezi wa Juni ua likiwa bado kichwani. Ikiwa mbichi ni nyeupe, inateleza mdomoni, na tumbo litakukomesha. Ikikaa shimoni juu ya mawe ya moto siku mbili, inatoka nyeusi, tamu kama tende.

Sisi wanaume hatusogei penye shimo. Mama mkwe wangu alishika hivyo, na mama yake kabla yake. Mwanamume akichungulia, kemesi haziivi. Sikuuliza sababu. Kazi yangu ilikuwa kuni na mawe. Nikishaleta, nilikwenda kukaa kwenye gogo la kupasulia kuni, hatua arobaini, nimewapa mgongo. Wavulana wa darasa walikaa na mimi. Tulipasua kuni, tukasikiliza. Mara thelathini na moja nimelisikia somo lile kwa mgongo.

Nisisahau hili. Mimi niliacha shule darasa la tatu nikaenda kwenye kazi ya mbao. Herufi nilizonazo alinipa yeye, mezani, kwa orodha za chakula cha shule. Neno la kwanza kulisoma peke yangu lilikuwa maharage. Alipiga makofi. Aliendesha pikapu kwa kasi mno. Viazi hakupenda hata kuvitazama, na alivimenya maisha yake yote.

Mwishoni mwa Agosti akaja mwalimu mpya, Mwalimu Tessmer, binti wa watu kutoka huko kwenye mashamba ya mahindi. Alisimama kibarazani. Muo wa Leotha ulikuwa umeegemea mlango, ule wa chuma wenye mkono wa pembe ya kulungu, aliochimbia. Aliuegemeza pale Juni. Nilikuwa napita kwa ubavu nisiuguse.

"Bwana Orrin? Mimi nimepewa darasa la sita. Pole kwa msiba."

"Ahsante. Kaa."

Hakukaa. "Mkuu wa shule anasema somo la shimo limekwisha, maana mwenyewe hayupo. Lile juma anataka kulitia mazoezi ya mtihani. Na ratiba yetu ikishajaa haifunguki tena. Nimemwomba aniachie mwaka huu mmoja nijaribu."

"Kasemaje?"

"Nijaribu. Lakini pakitokea lolote, ndiyo basi."

"Ardith anajua," nikasema. Ardith ni mdogo wake Leotha.

"Nimeambiwa yuko hospitali."

Kweli. Alikuwa Lewiston, amewekewa nyonga mpya. Asingerudi mpaka mwishoni mwa Septemba.

"Bibi Leotha aliandika mahali popote?"

"Leotha haandiki mapishi."

"Wewe unakumbuka nini?"

"Kuni."

Akatazama chini.

"Na aliyosema," nikasema.

"Alisema nini?"

"Yote."

Nikamwambia mwanzo wa somo, mpaka pale anapoitisha majani ya shimoni. Akatoa daftari, akaacha kuandika, akawa ananitazama tu. Kisha akauliza kama kemesi zipo.

Zilikuwepo. Gunia moja, kwenye ghala la chini ya nyumba, alilochimba mwenyewe Juni. Sikuwa nimeshuka huko. Nilishuka siku hiyo. Gunia moja ni shimo moja. Likiharibika hakuna jingine mpaka Juni, na ratiba isingengoja Juni.

Nitasema ukweli. Sikufanya kwa mapenzi wala kwa uchungu. Nilikuwa kama mguu uliokufa ganzi, unaukanyagia na huusikii. Mwalimu alisema Jumanne, nikasema sawa.

Jumanne wakavuka barabara, watoto ishirini na wawili. Wasichana wakaenda shimoni na mwalimu wao. Mbele yao alikuwa Josette, mjukuu wa Ardith, miaka kumi na miwili, mdomo kama wembe. Ndiye aliyeuchukua muo mlangoni. Wavulana wakaja kwangu.

"Babu Orrin," akasema mmoja anaitwa Dell, "kwa nini sisi tusiende?"

Josette akajibu kutoka kule, "Kwa sababu mtanukisha chakula!"

"Nyie ndio mtakaounguza!"

"Pasua kuni, baba. Wageni hawana kauli."

Nikakaa kwenye gogo. Nikawapa mgongo. Nikaanza.

"Shimo lifike gotini. Goti langu, si la Orrin, yule ni nguzo ya simu."

Watoto wakacheka wote. Nilikuwa nimesema tu alivyosema.

"Mawe meusi ya kilimani. La mtoni litakupasukia usoni, tutakuokota vipande vipande."

"Hayo tumeshapanga," Mwalimu Tessmer akaita.

"Moto sasa. Kuni za Orrin, kama amezikausha. Kama hajazikausha nitakaa nazo chumbani, yeye alale nje."

Dell alijikunja kwa kicheko mpaka akaangusha shoka. Nikamwambia shika shoka vizuri. Hilo lilikuwa langu mwenyewe.

Moto ukawaka mpaka saa sita mchana. Ukafa. Josette akasema mawe yamekuwa mekundu, sasa yanageuka kijivu.

"Bwana Orrin," akasema mwalimu. "Mawe yamerundikana katikati, kama kichuguu. Yaachwe hivyo?"

Nikatafuta. Nilijua kila neno la saa ile na hapo hapakuwa na neno.

"Hakusema kitu hapo."

"Hakuna kabisa?"

"Anakung'uta muo. Kwa, kwa, kwa. Udongo utoke. Kisha anasema, majani."

"Njoo utazame mara moja tu, uniambie."

Wavulana wakaacha kupasua kuni. Walijua.

"Hapana."

"Ni shimo tu, Bwana Orrin."

"Ni gunia moja," nikasema.

Nikamsikia Josette anagonga muo kwenye jiwe, mara mbili tatu. Nikaendelea.

"Majani. Mabichi, yaliyolowa. Mengi. Ongeza. Wewe, mbona unaweka kama unapanga maua ya harusi?"

"Nani, mimi?" Sauti ya mwalimu.

"Hapana. Yeye alisema hivyo kila mwaka."

"Lakini kweli nilikuwa napanga hivyo."

"Ndiyo maana alisema," Josette akamwambia.

Kemesi zikaingia. Majani tena, magome, udongo. Wakachomeka kijiti, wakakichomoa, wakamimina maji kwenye tundu. Nikasikia mvuke unapiga mluzi. Ule mluzi ulikuwa ule ule. Moto ukawashwa juu, na akina mama wa watoto wakaupokezana mpaka Alhamisi.

Alhamisi mchana nikakaa tena kwenye gogo.

"Leteni mabeleshi. Polepole. Mkipasua kemesi yangu nitawapasua na nyie."

Wakafukua.

"Nyeusi!" Josette akapiga kelele. "Babu Orrin, nyeusi kabisa!"

Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Hizi za pembeni za kijivu."

"Zimeiva?" mwalimu akaniuliza.

Sikujua. Leotha hakuwahi kusema kijivu.

Kwenye somo lake, kitabu husomwa kabla ya kula. Mwalimu Tessmer akakifungua, akamsomesha mtoto mmoja. Wenyeji wakawapa mizizi na samaki wakavu, na wageni wakaugua. Kisha wakaningoja.

"Nani alipika?" nikasema.

"Sisi!" wakaitika wasichana.

"Wageni ni nani?"

"Wale kule kwenye kuni, wavivu!"

"Mliwaambiaje?"

"Kuleni kidogo kidogo!"

Ndivyo lilivyokuwa somo. Wavulana ndio makapteni. Wanakaa chini, wananyamaza, wanapokea. Josette akawaletea kwenye sinia, nyeusi na kijivu zimechanganyika. Mbili mbili, akawaambia, kisha ngojeni. Dell akajaza mdomo kabla hajamaliza kusema. Wengine wakamfuata. Nilipewa moja. Ilikuwa nyeusi. Ladha ilikuwa yake.

Ijumaa watoto tisa hawakuonekana shuleni. Waliokuja waliitana Kapteni kutwa nzima na kushika matumbo. Nilisikia vicheko vyao nikiwa kibarazani. Josette naye hakwenda.

Jumatatu nikaitwa na mkuu wa shule. Nilivaa shati la msibani, sikuwa na jingine safi. Mwalimu Tessmer alikuwa ameshakaa, ana karatasi mapajani.

"Bwana Orrin," akasema mkuu, "matumbo ya watoto tisa."

"Nimesikia."

"Mzazi mmoja kanipigia simu mara nne."

"Anaendeleaje mtoto?"

"Mzima. Wote wazima. Ni upepo tu, daktari kasema." Akavuta pumzi. "Lakini nilishasema. Pakitokea lolote, ndiyo basi. Mimi namheshimu marehemu. Nimekula chakula chake. Ila siwezi."

Nilikuwa natazama kidole chake kwenye kalenda, lile juma la Septemba.

Mwalimu Tessmer akaweka karatasi mezani. "Nimewapa jaribio leo asubuhi. Lile la kwenye kitabu. Nilikofundisha mwaka jana niliwapa hili hili. Swali la tatu, kwa nini wasafiri waliugua. Kule karibu wote waliandika, mizizi ilikuwa mibaya."

"Na hapa?"

"Soma mwenyewe."

Mkuu akavaa miwani, akasoma kwa sauti, moja moja.

"Walitoka kwenye njaa wakala kwa pupa. Hawakumsikiliza mpishi. Mpishi aliwaambia mbili mbili. Hawakumsikiliza mpishi. Hawakumsikiliza..." Akasimama. "Hii ya nani? Kwa sababu walikuwa kama mimi."

"Ya Dell," mwalimu akasema.

Mkuu hakucheka ila masharubu yalitikisika. Akafunua tena.

"Swali la nne hili halimo kitabuni."

"Nimeliongeza."

Nani alipika? Waliandika majina yao, na majina ya bibi zao. Mmoja aliandika: Bibi Leotha, lakini alikuwa ameshakufa.

Mkuu akaiweka ile juu ya nyingine, akaipapasa.

"Pawe na mtu anayejua kuivisha," akasema. "Mtu mzima, mwanamke, amesimama pale pale shimoni. Bila huyo, silitii kwenye ratiba. Mnaye?"

"Ardith," nikasema.

"Amekubali?"

"Hajui bado."

"Nipate jibu kabla sijafunga ratiba ya mwakani. Mwisho wa mwezi."

Ardith alirudi kutoka Lewiston siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi. Josette alimleta kwangu akitembelea mkongojo wa miguu minne. Hakuniamkia. Alikwenda moja kwa moja shimoni, lilikuwa halijafukiwa, akainama akatazama.

Mimi nilibaki kwenye gogo.

"Shemeji!" akaita. "Nani alipanga mawe haya?"

"Wasichana."

"Nani aliwaambia?"

"Mimi. Kwa maneno yake."

"Yamekaa katikati yote. Pembeni pangeivaje? Leotha baada ya moto kufa aliyavuta kwa muo, hili kulia hili kushoto, mpaka pembe zote zijae. Hukusema hilo?"

"Hakulisema."

"Ah, hilo halisemwi. Hilo linafanywa. Hukumsikia? Chuma kwenye mawe?"

Nikainua kichwa.

"Kwa, kwa, kwa," akasema Ardith.

"Nilimsikia."

"Sasa?"

"Nilidhani anakung'uta udongo."

"Mara zote thelathini?"

"Thelathini na moja."

Ardith akatazama mbinguni. "Wanaume," akasema. Akaanza kucheka, nyonga ikamuuma, akaacha. Kisha alipangusa macho kwa kitambaa na mimi sikutazama zaidi.

Josette akamwambia habari za ratiba. Alimwambia haraka haraka, mkuu alivyosema, na mwisho wa mwezi ni keshokutwa. Ardith alimsikiliza amefumba macho.

"Nina nyonga ya chuma," akasema. "Nitasimamaje siku mbili?"

"Utakaa kwenye kiti, Bibi. Mimi nitasimama."

"Wewe ulikula zile za kijivu."

"Nilionja tu."

"Ulilala siku nzima, mama yako kaniambia." Akanigeukia. "Shemeji, mwakani utafunga huo mdomo. Nitasema mwenyewe."

"Sawa."

"Yale ya nguzo ya simu hayo utaniambia, niyaseme. Watoto wameyapenda."

"Nitakuambia."

"Na kuni ulete kavu."

"Nitaleta."

"Basi kesho nipelekeni kwa huyo mkuu." Akamgeukia Josette. "Na Juni unakwenda na mimi kuchimba. Usikimbilie ua jeupe ukaniua. Leta muo hapa."

Josette alikuwa ameurudisha kibarazani siku ile ya Alhamisi, lakini upande mwingine wa mlango. Mimi nilikuwa bado napita kwa ubavu upande ule wa zamani. Akauchukua. Mlango ukabaki mtupu.

Ardith akajikalisha kwenye kiti cha jikoni tulichomtolea, pembeni ya shimo. Mawe yalikuwa ya baridi. Akamwonyesha. Vuta hili. Hapana, usilibebe, livute. Hili likae na lile, liache nafasi ya mvuke.

Nikageuka nikawapa mgongo. Ndivyo nilivyozoea. Nikaweka kuni juu ya gogo, nikashika shoka, sikupasua.

Kwa, kwa, kwa.

Nimemwambia mwalimu picha aibandike karibu na dirisha la kupakulia. Si pale juu ya mlango walipotaka.